Sifa za Laptopu Isiyovuka Nembo

Kusifu kitu kinachofanya kazi hakuhitaji kipaji. Mimi nasimama kuisifu laptopu inayowaka vizuri, ikaonyesha nembo ya kiwanda, ikazungusha vidoti vyake, kisha ikajizima na kuanza upya bila haya.

Ni mkweli, huyu. Wa kuogopwa ni yule anayekuacha uandike kurasa thelathini ndipo azime. Abiria wa barabara ya Dar es Salaam wananielewa: heri basi linalogoma stendi ya Makambako, chai ipo karibu, choo nacho kipo, kuliko lililokwama usiku katikati ya Kitonga.

Tena ana usomi. Hazimi ovyo, pale anapokatikia pana maneno. Feni ikivuma huku kioo ni cheusi, hata nembo haijatokea, anaishitaki ramu. Fundi ataichomoa, atasugua meno yake kwa kifutio cha mwanafunzi, ataipachika tena, na mara nyingi shauri huishia hapo. Akifia kwenye vidoti, zihojiwe diski na faili za Windows. Akifika mwisho, ukafungua kazi, akazima baada ya dakika chache, analalamikia joto.

Joto, huku kwetu Njombe! Mwezi wa saba, watu wamevaa makoti mpaka masikioni! Mgeni na acheke, lakini prosesa haisomi utabiri wa hali ya hewa. Makambako ni mji wa malori na mbao; vumbi la barabara na unga wa mbao huziba matundu, feni ikahangaika bure, na ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa ilishakauka kabla mashine haijaja kama mtumba. Baridi nayo haikosi hila. Laptopu iliyolala kwenye chumba cha baridi ikaletwa ghafla kando ya jiko hutoka jasho ndani, nayo yataka iachwe ikauke kwanza. Nani mwingine ofisini anapumzishwa kabla hajaanza kazi?

Wanaomdharau wakumbuke tarehe 19 Julai 2024. Sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows duniani. Ndege zikalala viwanjani, wataalamu wakapita mashine moja moja kufuta faili lenye kosa. Microsoft yenyewe ikaeleza kwamba baadhi ya wateja wa huduma yake ya Azure walifanikiwa kwa kuwasha upya, wengine hadi mara 15. Zima, washa. Dawa hiyo hiyo unaipata bure kwenye kosta ya Njombe kwenda Makambako, kutoka kwa abiria aliyepakata ndoo ya viazi.

Kwani ukipanda na laptopu mgonjwa hukosi madaktari. Mmoja atasema chomoa chaja na betri, ubonyeze kitufe cha kuwashia nusu dakika, na huyo hajakosea. Mwingine atasema ikatize inapowaka, mara kadhaa mfululizo, yenyewe itafungua ukurasa wa matengenezo, uingie kwa hali salama. Naye yuko sawa. Wa kumkimbia ni fundi anayesema "tupige Windows" kabla hajauliza picha za harusi na hesabu za kikoba ziko wapi. Diski ichomolewe, ipachikwe kwenye mashine nzima, vitu vinakiliwe. Windows itapigwa baadaye.

Lakini sifa yake kubwa huimbwa simuni.

"Ripoti iko wapi?"

"Shikamoo mkuu. Mashine imegoma kuwaka."

"Marahaba. Aa, pole sana."

Pole! Kutoka kwa mkuu! Hakuna mfanyakazi hodari aliyewahi kuipata. Ndiyo maana fundi akipiga simu kwamba feni imesafishwa, mashine inawaka na haizimi tena, mwenye nayo hushukuru kwa sauti ya chini, kisha huuliza kama haiwezekani iendelee kuangaliwa mpaka Jumatatu.