Sifa za Bango la Ridhaa

Wafalme wasiostahiki wamesifiwa, na tausi, ambaye kazi yake ni kutembea tu, ametungiwa tenzi. Lakini bango la ridhaa ya vidakuzi, lile linalochomoza usoni mwa tovuti kabla msomaji hajasoma neno la kwanza, likamziba macho na kumtaka aseme kama aridhia au haridhii jambo asilolijia, halijapata hata ubeti mmoja. Dhuluma hiyo yafaa iondolewe.

Nitaanza na nasaba, maana asiye nasaba hasifiki. Kidakuzi kilizaliwa mwaka 1994 mikononi mwa Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, kwa nia njema kabisa: tovuti zilikuwa hazimkumbuki mtu toka ukurasa hata ukurasa, basi maandishi machache yakawekwa katika kivinjari chake ili zimtambue arudipo. Watangazaji wa biashara hawakukawia kung'amua kuwa kinachomkumbuka mtu dukani chaweza kumfuata mpaka kitandani. Ndipo Umoja wa Ulaya ulipoagiza mwaka 2009 kuwa mtu asiwekewe vitu hivyo ila kwa ridhaa yake, na sheria kuu ya data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 ikaizidishia ridhaa hiyo masharti. Na bango likastawi duniani.

Fadhila yake ya kwanza ni adabu. Ndilo bawabu pekee anayemsimamisha mgeni mlangoni, si kumpekua, bali kumwomba ruhusa ya kumpekua.

Fadhila ya pili ni elimu, na hapa sifa hazinitoshi. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita huko Watamu, ambaye tovuti yake yataja bei kwa yuro na kunadi bahari kwa Kitaliano, alidhani kuwa sheria za Brussels ni za watu wa Brussels. Bango likamfahamisha kuwa sheria ile humwandama kila awauziaye watu waliomo Ulaya, hata akiwa amejinyoosha kivulini pwani ya Kenya, nchi ambayo nayo ilitunga sheria yake ya data mwaka 2019. Likamfundisha na nyumba yake mwenyewe. Alipotakiwa aorodheshe vidakuzi vyake aliapa kuwa hana hata kimoja. Vilipotafutwa vikapatikana vya ramani, vya video, vya kitufe cha Facebook, na vya kuhesabu wageni, vilivyotiwa na fundi aliyekwisha kulipwa na kutoweka.

Ya tatu ni sanaa. Tazama jinsi "Kubali yote" inavyopambwa kwa rangi na herufi nono kama biharusi, na "Kataa" inavyotawishwa nyuma ya "Mipangilio", humo ndani mna orodha, na ndani ya orodha mna orodha. Wapo waiitao sanaa hii hadaa. Mahakama ya Ulaya, katika hukumu ya Planet49 ya tarehe 1 Oktoba 2019, ilikata kuwa kisanduku kilichotiwa alama kabla mtu hajakigusa si ridhaa. Na wasimamizi wa data wa Ufaransa, mwaka 2021 ukiisha, waliitoza Google yuro milioni 150 na Facebook milioni 60 kwa kuwa kukataa kulikuwa na taabu kuliko kukubali. Mwenye vyumba sita hana milioni hizo, ingawa kosa analo lile lile.

Lakini fadhila niihusuduyo zaidi ni subira. Mengi ya mabango haya huambiwa "Kataa", yakaipokea "Kataa" hiyo kwa taadhima, yakaondoka usoni kwa upole, na yasimwambie mtu yeyote. Huko nyuma vidakuzi vilikwisha kuingia zamani, kabla ya swali kuulizwa. Nani katika wanadamu awezaye kustahimili siri namna hiyo?

Imebaki habari moja ambayo wauzaji wa mabango hawaitangazi. Kidakuzi cha lazima, kama kile cha kukumbuka chumba alichochagua mgeni mpaka amalize kulipa, hakihitaji ridhaa ya mtu. Mwenye tovuti akiiondoa video, akakiondoa kitufe na hesabu ya wageni, akaweka picha ya ramani mahali pa ramani yenyewe, sheria haimdai bango lolote.