Namna ya Kula Tura Bila Kudharauliwa na Mama Ntilie

Umesikia kwamba wenye nafasi zao huzunguka mtaa kwa mtaa wakionja mgahawa huu na baa ile, wanapiga picha sahani kabla ya kuigusa, kisha wanagawa nyota. Nawe umeamua kuifanya kazi hiyo Tura, wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora. Hongera. Orodha ya migahawa haitakuchosha kuisoma, maana haipo.

Ila usijione wa kwanza. Misafara ya kutoka pwani ilipoiacha Ugogo iliingia Mgunda Mkali, pori kavu lililosifika kwa kiu na njaa, na mlango wa Unyamwezi upande wa pili ulikuwa Tura. Mpagazi aliyelimaliza pori lile hakuuliza mtama umelimwa wapi wala umepikwa kwa mafuta gani. Alitoa kipande cha merikani au shanga za posho yake, akapimiwa kibaba, akala. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita hapa mwaka 1857 akielekea Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, na baadaye akaandika kitabu kinene akilalamikia karibu kila alichokutana nacho. Huyo ndiye babu wa wakosoaji wa migahawa katika njia hii. Usimwige, wewe huna wapagazi wa kukubebea akiba.

Tuanze na mama ntilie. Usiombe menyu. Salimia kwanza: asubuhi "mwangaluka" itakufungulia njia, na aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake. Angalia tu usimwamkie binti wa rika lako, utaletewa mchuzi usio na nyama na hutaambiwa sababu.

Sasa uliza, "Mama, kuna nini?" Utajibiwa kwa pumzi moja: wali nyama, wali maharage, ugali nyama, ugali dagaa, ugali samaki. Usichangamke. Hayo ni yaliyopikwa leo. Swali la mtaalamu ni "Kimebaki nini?" na saa nane mchana jibu lake ni ugali maharage. Tayari umeokoa ile nusu saa ambayo watu wa Dar es Salaam huipoteza wakitazamana kuulizana wale nini.

Wanaopanga chakula huku ni wawili, mvua na treni. Mvua zikikolea, miombo hutoa uyoga, na kwa wiki chache utakula vizuri kuliko unavyostahili. Kiangazi ni zamu ya michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vya kwanza vibichi na vya pili baada ya kuchemshwa. Ukivitazama vilivyo vikavu, usitangaze kwamba vimeharibika. Vikipikwa vikaungwa karanga, utaomba kuongezewa, na mama atakukumbusha ulichosema. Treni ya kutoka Kigoma nayo hushusha dagaa, migebuka na mawese. Anayedai samaki siku ambayo treni haijapita anajitambulisha mwenyewe kuwa mgeni.

Baa ina sheria moja kubwa. Kinywaji ni cha kaunta na nyama ni ya jikoni, na mara nyingi hao ni wafanyabiashara wawili wasiojuana mifukoni. Ukimpa dada wa bia fedha ya mbuzi choma, umempa zawadi. Nenda mwenyewe jikoni, onyesha kipande unachokitaka, simamia mizani, kisha rudi ukae. Ukiulizwa bia ya moto au ya baridi, hilo ni swali la kweli, jibu bila kucheka. Nyama itachukua saa nzima. Anayeuliza "bado?" kila baada ya dakika kumi huletewa mbichi, na ni haki yake.

Ukikaribishwa wanzuki, pombe ya asali, kunywa taratibu. Tamu mno, wala haina haraka ya kujitambulisha. Huijua siku unapotaka kusimama.

Kwa kahawa itabidi ufike Tabora mjini. Huko mkahawa ni benchi, birika juu ya makaa, vikombe visivyo na mkono na kashata. Kahawa ni chungu, bei haiumi, gharama iko kwenye mazungumzo: ukikaa lazima useme wewe ni Simba au Yanga. Ukisema hushabikii yoyote, watasogea kidogo.

Nimeiacha asali mwisho makusudi, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha umeiva. Tangu Wajerumani walipofikisha reli Tabora mwaka 1912, mgahawa mkubwa kuliko yote kwenye njia hii umekuwa dirisha la behewa. Treni ikisimama, unaletewa karanga, mahindi ya kuchemsha, kuku mzima kwenye beseni, na asali kwenye chupa iliyowahi kuwa na kitu kingine. Abiria mjuzi hanunui hivihivi. Huchovya njiti ya kiberiti ndani ya asali na kuiwasha, kwa imani kwamba ikiwaka asali ni halisi. Mwingine huitonesha mchangani. Wa tatu anaapa kwamba siafu hawaisogelei iliyo safi, na yuko tayari kuwasubiri siafu. Muuzaji huwatazama wote kwa upole, kisha anatoa kichupa kidogo: "Hii, mjomba, ni ya nyuki wadogo, dawa kabisa." Bei ni maradufu. Hapo honi inalia, behewa linatikisika, fedha inatoka kabla ya chenji kuhesabiwa, na utafiti wote umeishia hapo. Wenye akili huanza kupatana bei kichwa cha treni kinapopunguza mwendo, na fedha kamili mkononi.

Reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora hadi Tabora. Treni zake zina viyoyozi na madirisha yasiyofunguliwa, kwa hiyo toleo lijalo la mwongozo huu litaongeza hatua moja ngumu kwa wageni: kushuka. Chukua na mwavuli, na ukifika kwa mama usiseme una haraka.