Mvuke wa Ghorofa ya Tatu

Mtu akaaye ghorofani Upanga hana siri ya jikoni. Bizari ya jirani humfikia kabla haijamfikia mwenye sufuria, na ugomvi juu ya chumvi katika nyumba ya chini husikilizwa na nyumba zote za juu kwa adabu na kimya kikubwa, asije mtu akapitwa na neno. Katika jengo la namna hii, lenye ngazi moja, mlinzi mmoja na masikio yasiyo idadi, ndimo nilimoingiza mtambo wa kutengenezea espreso na kupashia maziwa kwa mvuke, nikitaraji, kwa ile dhana njema niliyozaliwa nayo, kwamba starehe yangu ya asubuhi itakuwa shauri baina yangu na kikombe changu.

Mtambo wenyewe ulikuwa hidaya ya shemeji yangu aishiye Toronto, ambaye aliusafirisha sandukuni ukiwa umeviringishwa makoti ya baridi, na sijui kama hapa Dar es Salaam makoti hayo yangalipata kazi nyingine. Shemeji ni mtu karimu, ila ukarimu wake hauna habari ya umeme. Umeme wa Canada ni wa volti 120, nao hugeuka mara 60 kwa kila sekunde. Wetu ni wa volti 230, na hugeuka mara 50. Fundi mmoja wa Gerezani, mzee mwenye taadhima, aliyeuzunguka mtambo ule mikono ikiwa nyuma, alinieleza kwamba nikiuchomeka ukutani ulivyo hautaishi hata kuifikia bismillahi ya pili, akaniuzia transfoma ambayo kuipandisha ghorofa ya tatu kulitaka vijana wawili na soda zao. Hiyo iliponya volti. Mageuko hayana dawa, kwani pampu ndogo ya mtambo wa nyumbani hupiga kwa kuyafuata, na iliyozoeshwa mapigo 60 ikipewa 50 husukuma maji kwa kinyongo. "Si mbovu, mzee wangu," alisema fundi, "imehamia ugenini tu. Itazoea." Mimi ninayeishi nayo nathubutu kushuhudia kwamba haijazoea.

Ni haki, hata hivyo, kuutazama ukoo wa kitu kabla ya kukilaumu. Luigi Bezzera, Mtaliana wa Milano, alipoomba hataza ya mtambo wake mwaka 1901, shabaha ilikuwa kumpa kila mteja kahawa yake upesi, iliyopikwa kwa ajili yake yeye pekee. Na Achille Gaggia, baada ya Vita Kuu ya Pili, akauzidisha msukumo wa maji hata ukafikia takriban mara tisa ya uzito wa hewa itukandamizayo, ndipo lile povu la rangi ya dhahabu likaonekana juu ya kikombe. Tangu hapo kila kiungo cha mtambo huu, kuanzia kichungi chake chenye mpini hadi kijagi cha maziwa, kimepimwa kwa mtu mmoja mwenye haraka, naye hutakiwa kuusubiri mtiririko kwa sekunde 25 au 30 na kisha anywe, aende zake. Sasa mtu mmoja mwenye haraka, hapa kwetu, anapatikana wapi? Muuza kahawa wa Kariakoo huweka dele lake juu ya makaa, hugonganisha vikombe vyake vidogo ili watu wajue kwamba yupo, na akishatua barazani humminia kila aliyeketi, wa Simba na wa Yanga, mdai na mdaiwa, pamoja na kashata, wala hapana awezaye kusema dele lile lilipikwa kwa ajili ya nani. Bukoba nako, tangu kale, mgeni hukaribishwa kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune pamoja na mwenyeji wake. Hatukuwa wageni wa kahawa. Tulikuwa wageni wa kuinywa peke yetu.

Mtambo ulikuja bila kinu. Buni zilizokaangwa nilizipata bila taabu, za Kilimanjaro kwa ajili ya harufu na uchachu wake, na kiasi cha robusta ya Bukoba kwa ajili ya ukali na povu zito, nikazipeleka kwa msagaji mmoja katika vichochoro vya Kariakoo, si mbali na lile soko alilolichora Beda Amuli, ambalo moto uliliunguza Julai 2021. Msagaji huyu husaga pilipili manga, mdalasini, bizari na mchele wa vitumbua kwa mashine moja, na baina ya kitu na kitu huipigapiga mashine kofi ubavuni, nalo ndilo josho lake. Aliniuliza, "Mzee, tusage ya kahawa au ya uji?" Nikamweleza kwa urefu kwamba espreso inataka unga laini kwa kiasi, kwa kuwa ukiwa chenga maji hupita mbio bila kuchukua kitu, na ukiwa laini mno hukwama yasipite kabisa. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ya uji basi." Kikombe cha kwanza kilitoka tone kwa tone, mtambo ukiguna, na harufu yake ilikuwa ya pilau ya arusi, na mke wangu, ambaye hutafuta heri katika kila jambo, alisema kwamba kingefaa sana kutiwa nyama.

Lakini kahawa ni nusu tu ya kadhia hii, tena ile nusu tulivu. Maziwa yana sheria zake. Sharti yawe baridi, ili mtu apate wasaa. Ncha ya kibomba cha mvuke huwekwa karibu na uso wa maziwa kwa kitambo, inyonye hewa, kisha huzamishwa kidogo ili maziwa yazunguke na mapovu makubwa yavunjwevunjwe yawe madogo yasiyoonekana kwa jicho. Na yakifika joto la nyuzi 60 hadi 65, yaani pale kiganja kinapoanza kukikataa kijagi, hufungwa koki, maana yakipita nyuzi 70 utamu hupotea, harufu huwa ya kuungua na povu hujitenga. Maarifa mazuri kabisa, ila yanadhani kwamba maziwa yatakufikia yakiwa baridi. Katika nyumba yetu maziwa hayavuki mlango ila yachemshwe kwanza, na Dada wa jikoni, ambaye malezi yake hayaruhusu mjadala katika jambo hili, huniletea yakiwa bado vuguvugu, na juu yake utando mnene, ambao kwake yeye ni ushahidi kwamba hayakutiwa maji. Utando huo uliingia katika vitundu vya kibomba, navyo ni vyembamba sana, ukavifunga. Mvuke uliponyimwa njia ulikaa ukitafakari, kisha ukajitolea fatwa: ukapasua mahali pengine, kwa mluzi uliosikika, naambiwa, hata upande wa pili wa barabara.

Ikumbukwe kwamba Upanga kila jiko lina mtungi wake wa gesi, na mluzi wa namna ile una tafsiri moja tu. Bwana mmoja wa ghorofa ya pili, mhasibu mstaafu ambaye sijapata kumsikia akinyanyua sauti, alipiga ukelele wa "Gesi!" uliowatoa watu wote vyumbani, akina mama kwa kanga, watoto na viatu vya mguu mmoja, na mzee mmoja akiwa amekumbatia bahasha ya hati za nyumba. Mlinzi alipanda ngazi na ile ndoo ya mchanga ambayo siku zote hukaa langoni ikipokea vipande vya sigara. Alikuwa ameingoja saa hiyo tangu aajiriwe, na haikuwa rahisi kumsimamisha kwa maneno. Alimwaga mchanga juu ya mtambo, juu ya maziwa, na kwa kuwa alishakwisha kushika kasi, juu yangu. Ilipodhihiri kwamba hapana gesi, watu walipumua, wakanitazama kwa majonzi, na kwa kuwa walikwisha kupanda, haikuwa insafu washuke hivi hivi. Dada akawapikia chai ya maziwa sufuria moja, wakanywa wote, wakaongeza, wakaaga, ilhali mimi bado nachokoa kibomba kwa sindano.

Kisha akaja shangazi yangu wa Bagamoyo, pamoja na msafara wake, kwa ajili ya arusi ya mjukuu. Nilikwisha kupata maziwa ya pakiti kutoka friji na unga wa kahawa uliosagwa kwingine, nikaona ndiyo nafasi ya kuurudishia mtambo hadhi yake. Sikuwa nimefikiri jambo la adabu. Mtambo hutoa kikombe kimoja, nacho hupelekwa kwa mkubwa. Mkubwa hawezi kunywa wenziwe wakimtazama, basi hukiweka chini. Cha pili huja, nacho hukiweka chini kungojea cha tatu. Hata wa mwisho alipopata chake, povu la wa kwanza lilikwisha kuzama na kahawa imepoa. Shangazi alionja, akakiinua kikombe kwenye mwanga.

"Mwanangu, hili ni povu la sabuni. Kahawa yenyewe iko wapi?"

"Iko chini, shangazi."

"Nitaifikia nikiwa hai?"

Akanyanyuka, akaja jikoni, akakuna tangawizi mbichi, akaikamua ndani ya kijagi cha maziwa na kutia sukari kwa mkono wake, nami nikawasha mvuke kwa kuwa shangazi habishiwi. Kiganja kilipoanza kukataa, ndipo umeme ulipokatika. LUKU ilikuwa imekwisha, maana transfoma ile nayo hula. Nikaviacha vitu vilivyo, nikashuka gizani hadi ilipo mita kubonyeza zile tarakimu ishirini, nikazikosea, nikazirudia. Niliporudi maziwa yalikuwa yameganda, yanatetemeka kwa adabu ndani ya kijagi. Tangawizi mbichi ina kitu kigandishacho maziwa, ambacho kikichemka hufa, ndiyo maana chai yetu, ambayo tangawizi huchemshwa kwanza na maji, haijapata kutufanyia hivi. Lakini katika joto la nyuzi 60 na kitu, joto lile lile ambalo mafundi wa espreso hulisifu, nguvu yake huwa kamili. Wachina wa Guangdong hufanya hivyo kwa makusudi, na maziwa hayo huyaona tunu. Shangazi hakuhitaji Wachina. Alichukua kijiko, akaonja, akampa aliye karibu naye, kijagi kikazunguka chumba kizima na kurudi kitupu.

"Sasa," akasema, "umepika."

Tangu hapo wageni wakija huuliza maziwa ya shangazi, na jirani yule mhasibu hupanda mwenyewe bila kusikia mluzi. Upande wa kahawa wa mtambo umepumzishwa. Shemeji ameniandikia kwamba Desemba ataniletea kinu cha kusagia. Mke wangu, ambaye hudhani sioni anayoyaandika katika simu, amemjibu kwamba kinu si haraka, alete kijagi cha watu kumi na wawili, kama huko Toronto vinatengenezwa.