Namna ya Kuifufua Redio ya Valvu Ukabaki Hai

Kwanza, usiiwashe. Najua mkono unakuwasha. Umeipata Bush DAC90A, redio ya bakelaiti ambayo Waingereza walianza kuiuza mwaka 1950, umeifuta vumbi na unataka kuisikia ikinguruma. Ngoja. Redio hii haina transfoma ya kuitenga na umeme wa ukutani. Waya mmoja wa umeme unaingia moja kwa moja kwenye chasi. Waya zikifungwa kinyume kwenye plagi, chasi yote ina volti 240. Chomoa, pima kapasita kubwa kwa mita, na chaji iliyobaki uitoe kwa rizista.

Sasa fukuza kapasita zote za karatasi na nta. Zimekula chumvi nyingi na zimenyonya unyevu kwa miaka, kwa hiyo zinavujisha umeme. Anza na ile inayopeleka sauti kwenye gridi ya valvu ya UL41. Ikivuja kidogo tu, gridi inapata volti chanya, valvu inavuta umeme kupita kiasi, inaungua, na pengine inaondoka na transfoma ya spika. Weka kapasita ya polipropilini ya volti 630, thamani ile ile. Za mika na za keramiki ziache zilale; mara nyingi hazina kosa.

Kapasita iliyolazwa kati ya waya mbili za umeme ndiyo yenye ubishi. Fundi mwenye haraka atakuambia, "Weka hii ya volti 400, kwani umeme si 240?" Mkatalie, hata kama ni shemeji yako. Hizo 400 ni za umeme wa DC. Umeme wa ukutani hupanda hadi karibu volti 340 katika kila mzunguko, halafu radi na mota za jirani huongeza mishtuko ya maelfu ya volti. Tafuta iliyoandikwa X2, volti 275 za AC au zaidi.

Penye soketi ya antena nakuomba kwa dhati: Y2, wala usikubali mbadala. Kapasita hiyo ikishika shoti, waya wa antena unakuwa waya wa umeme, na anayeushika huenda akawa mtoto. Y2 imeundwa ili ikiharibika ikatike, isishike shoti. Inaweza kukaa mahali pa X2. X2 haiwezi kukaa mahali pake.

Za elektroliti chukua za volti 450, na usizidishe mikrofaradi za kwenye mchoro, maana valvu ya UY41 itaelemewa.

Ukiwasha, tanguliza balbu ya nyuzi kwenye njia ya umeme, kisha pima gridi ya UL41. Bado ina volti chanya? Ng'oa mguu mmoja wa kapasita mpya upime tena. Zikibaki palepale, kapasita haina hatia, nunua valvu.