Hesabu za Chapati kwa Python

Kigeu katika Python huundwa kwa kuandika jina, alama ya =, kisha thamani. Muuza chapati akiandika bei = 50, na chini yake idadi = 30, kilichobaki ni jumla = bei * idadi, na jibu ni 1500. Mpaka hapo hakuna aliyepata hasara.

Hasara huanza na mkato. Aliyezoea kuandika risiti huandika mtaji = 1,500 bila wasiwasi, na Python hainung'uniki: imepewa vitu viwili, 1 na 500, inavifunga pamoja na kuvihifadhi. Mtaji huo ukizidishwa kwa 2, hautoki 3000 bali (1, 500, 1, 500). Heri kosa linalopiga kelele. Namba huandikwa 1500, au 1_500 kwa anayetaka macho yapumzike.

Balaa kubwa zaidi ni input. Mteja akiulizwa idadi, anachochapa huingia kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na maandishi yakizidishwa hurudiwa tu. Kwa hiyo mteja wa chapati 30 kwa bei ya 50 huletewa 30 iliyoandikwa mara hamsini mfululizo: deni la tarakimu 100, ambalo benki zote za dunia zikichanga haziligusi. Dawa yake ni int(input()).

Kisha unga unapanda, na muuzaji anaandika bei = 60. Jumla inabaki 1500, kwa sababu ilishapigwa kwa bei ya zamani; mstari wa hesabu usiporudiwa, chapati zinauzwa kwa hasara. Robert Recorde alipoleta alama ya = mwaka 1557, alimaanisha pande mbili zinalingana. Katika Python ni amri: upande wa kulia hukokotolewa kwanza, kisha jibu hupewa jina la kushoto. Ndiyo maana bei = bei + 10 ni halali kabisa, ingawa mwalimu wa hisabati angeipiga mkasi mwekundu. Anayetaka kuuliza kama vitu vinalingana huandika ==.

Herufi kubwa nazo zina yake. Aliyeunda bei akiita Bei hupata NameError, na kuanzia toleo la 3.10 Python humuuliza kama alikusudia bei. Jibu inalo, ila kusahihisha haisahihishi.