Mwulize Kondakta Mstaafu

Mzee Kondakta,
Nilikuwa nyuma ya lori la ndizi, tunatoka Ekerenyo kwenda Nyamira. Dereva akawasha indiketa ya kulia. Nikangoja akate kona, wapi! Upande wa kulia ni majani chai matupu, hata kijia cha ng'ombe hakuna. Alikuwa anaenda wapi?
— Mgeni wa Barabara

Mwanangu, alikuwa anaenda Nyamira kama wewe. Kwa taa ya kulia alikuwa anakuambia: tulia hapo nyuma, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anasema pita. Usiku mkikutana uso kwa uso atawasha tena ya kulia, uone mwili wa lori unaishia wapi. Ni heshima kubwa hiyo. Balaa ni siku anapotaka kukata kona kweli, maana taa ni ileile. Ukiona ya kushoto, usipite kwa imani: huenda anaegesha anunue miwa.

Mzee Kondakta,
Kwenye Probox mimi huwekwa sambaza, yaani tunagawana kiti na dereva. Jana alinifokea eti goti langu limewasha indiketa. Nani mwenye makosa?
— Abiria wa Mlangoni

Mama, gari hilo limetoka Japani, na kijiti cha indiketa kiko kulia kwa usukani, upande uliobanwa wewe. Kwa hiyo wewe ni dereva msaidizi. Dai upunguziwe nauli. Nilishawahi kubuni swichi ya kuwekwa chini ya abiria wa sambaza: akiegemea kulia, taa ya kulia inamulika. Kwa matuta yetu ingemulika pande zote mpaka stendi.

Mzee Kondakta,
Kijana wangu anabuni mashine ya kusoma mawazo ya dereva na kuwasha indiketa yenyewe. Nimuuzie ng'ombe?
— Baba Mbunifu

Kwanza amalize kuisajili. Mwigizaji wa filamu za Marekani, Florence Lawrence, alibuni mkono wa kuashiria kona yapata mwaka 1914, hakuusajili, na hakupata kitu. Buick walileta indiketa za kumulika kwenye modeli zao za mwaka 1939; yeye alifariki mwishoni mwa 1938. Pia asiijaribu kwa bodaboda. Yule huamua kukata kona akiwa ameshaikata.

Ng'ombe abaki zizini.

Wasomaji, barua zinazoanza na "lakini nilipiga honi" hazitajibiwa.