Sifa za Usukani Unaotetemeka

Mashujaa wameimbiwa, maharusi wameimbiwa, hata timu zilizoshuka daraja zina nyimbo zao. Usukani unaotetemeka haujawahi kutungiwa ubeti mmoja, ilhali katika gari zima hakuna msema kweli kama huo. Leo nausifu mimi.

Tuukute kazini: Land Cruiser ya watalii, kutoka Lango la Naabi kwenda Seronera, barabara ya changarawe yenye vijituta visivyokwisha. Gari hilo lina ekseli nzima mbele, chuma kimoja toka gurudumu hadi gurudumu, kwa hiyo la kushoto likikosa adabu, la kulia linapata habari papo hapo. Unaanza mtikisiko mdogo. Mara usukani unakwenda kushoto na kulia kwa kasi ambayo mikono haiwezi kuifuata, na mtalii aliyelipa maelfu ya dola anarushwa sawasawa na mpishi aliyebanwa na masufuria kule nyuma. Nionyesheni serikali yenye usawa huo! Dereva akipunguza mwendo taratibu, unanyamaza. Umeshasema.

Na husema kwa ufasaha. Ukitetemeka kuanzia kama kilomita 80 kwa saa kisha ukatulia mwendo ukizidi, unataja balansi ya matairi. Ukingoja mpaka ukanyage breki, unazishitaki diski. Mtetemo ukija makalioni badala ya viganjani, usukani unajitoa kwenye kesi: kaangalie matairi ya nyuma na propela shafti. Wakati wa masika ugonjwa huwa tope tu, ule udongo mweusi wa mbuga uliokauka ndani ya rimu upande mmoja. Dawa yake ni bisibisi na ndoo ya maji. Aliyekwisha kununua tairodi mpya pande zote mbili hapendi kusikia hili, lakini usukani haukumdanganya. Yeye alimsikiliza muuza spea.

Sitamsahau ndugu yake mkimya, kuyumba. Huyu hatikisi kitu. Usukani umenyooka, gari lenyewe linautamani mtaro. Faida yake ni kwamba dereva wake hasinzii hata baada ya ubwabwa wa mchana. Huletwa na upepo usiolingana kwenye matairi, bushi zilizokufa, au stelingi boksi iliyolegea. Huletwa pia na urembo: mwenye gari ameweka springi ndefu ili gari lionekane la kibabe, na ekseli ikazunguka kidogo. Kingipini, ambazo kiwandani ziliegemezwa nyuma kidogo ili gurudumu lirudi lenyewe baada ya kona, sasa zimesimama wima. Gari limepata urefu, limepoteza msimamo.

Sifa kubwa kuliko zote ni kwamba mtetemo humlaza fundi chini, mahali pake. Matairi yako ardhini, injini inanguruma, utingo anachezesha usukani kushoto kulia, kidogo kidogo. Fundi, mgongo juu ya boksi lililopasuliwa, anaweka kiganja kwenye kila kiungo kwa zamu. Kile kinachogonga kabla fimbo yake haijasogea, ndicho. Kisha jeki. Gurudumu linashikwa juu na chini, linasukumwa na kuvutwa. Linacheza? "Kanyaga breki!" Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingipini. Hakuna kompyuta hapo, na jibu limepatikana kabla chai haijapoa.

Kuna chuma kimoja kinachosahaulika. Toka mwaka 1999, zile Land Cruiser za kazi za mfululizo wa 70 zina springi za koili mbele. Koili haiwezi kuizuia ekseli isiende ubavuni kama zilivyofanya springi za mabapa za zamani, ndiyo maana ipo fimbo ndefu inayoifunga ekseli kwenye chasisi. Boliti yake ikilegea hata kidogo, tundu linapanuka, na ngoma inaanza.

Hapo ndipo huingia adui wa msema kweli wetu: dampa mpya ya usukani. Inafungwa kwa dakika chache, inang'aa, na usukani unatulia kweli. Umezibwa mdomo. Tundu lile linaendelea kupanuka kimya kimya, likingoja mteremko wa Ngorongoro.

Kwa hiyo, ndugu dereva, usukani ukianza kusema, osha rimu, pima upepo, fanya balansi ya matairi, ndipo ufikirie pochi. Na fundi akikuletea dampa mpya kabla hajalala chini ya gari, mwombe ufunguo wako, uondoke.